Nguo Zisizo na Mwenyewe

Split, 2 Juni

Daktari amenikataza kupiga kelele dirishani, eti presha. Kalamu hakuikataza, basi nitapigia kelele humu.

Leo asubuhi kahawa haijachemka, chini ya dirisha langu wameshajaa. Masanduku yenye magurudumu yanakwaruza mawe, na mbele yao yule binti Dunja, mtembeza watalii, ameinua mwavuli uliofungwa kama askari wa trafiki aliyepotelewa na barabara. Siku nyingine anasema Kijerumani au Kifaransa, simwelewi, tunaishi kwa amani. Leo kundi lilikuwa la wenzetu wa Zagreb. Nikaelewa kila neno, na heri nisingeelewa.

"Hapa Kaizari Diokletiani alijenga kasri lake," anasema, "akastaafu, akapanda kabichi. Na kwenye ngazi zile ndipo walipopiga ile filamu ya majoka."

Basi. Kaizari, kabichi, majoka. Kati ya kabichi na joka kuna miaka elfu na mia saba, na kwa Dunja humo katikati hakukuwa na mtu. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyeunguza sufuria, hakuna aliyegombana na jirani. Nikachungulia nikamwuliza, "Na sisi je, binti? Sisi ni fenicha?"

Wakanipiga picha.

3 Juni

Wamenipiga picha tena. Leo nilikuwa na fulana ya ndani tu. Wakaitundike sebuleni kwao.

9 Juni

Upepo mzuri wa magharibi tangu mchana. Tumeanika, mimi na Perina.

Nieleze, maana mjukuu wangu wa Stuttgart akiyasoma haya siku moja hataelewa. Kwao nguo zinakaushwa na umeme. Dirisha la Perina linatazamana na langu, na kichochoro katikati ni chembamba kiasi kwamba naweza kumpitishia chumvi kwa ufagio. Kwangu kuna kapi ukutani, kwake kuna kapi ukutani, na kamba moja inazunguka kati ya hayo mawili. Uzi wa juu wangu, wa chini wake. Mimi nikivuta, nguo zake zinatembea. Yeye akivuta, suruali zangu zinakwenda kumsalimia. Tunaiita tiramola. Huwezi kuwa nayo peke yako. Lazima ng'ambo kuwe na mtu.

Yeye mjane wa baharia wa feri, mimi mjane wa mwanamke aliyenivumilia. Mtaa ulishatuoza zamani. Sisi wenyewe hatujaalikwa.

Mimi shule niliiacha darasa la sita nikaenda kupaka rangi meli, kwa hiyo jiografia ya Dalmatia nimeisoma kwenye kamba. Mlima Mosor uko nyuma, ndiko unakotoka upepo wa bura: baridi, kavu, shuka linakauka kabla hujamaliza sigara, na akili inakaa sawa. Mbele ni bahari na visiwa, na huko ndiko unakotoka upepo wa jugo, mzito kama blanketi bichi. Jugo ikivuma kichwa kinauma, kila mtu anamchukia mwenzake, na hakuna mtu mwenye akili anayeoa, anayeuza au anayetia saini. Na nguo zinaingizwa ndani upesi. Mwanamke anayeacha nguo zake nje kwenye jugo anasemwa mpaka kwa wajukuu.

17 Juni

Leo amekuja Jerko.

Jerko ni mtoto wa marehemu kaka yake Perina. Nyumba ile ni nusu ya Perina, nusu ya Jerko, kama alivyoacha baba yake Perina. Jerko nusu yake hajawahi kuikalia hata siku moja. Ana viatu vyeupe visivyo na soksi na anapenda kusema "mradi".

Madirisha yalikuwa wazi, sikusikiliza kwa makusudi. Niliketi tu pale penye kusikika vizuri.

"Shangazi, ni msimu tu. Kule Solin nina kijumba kipya, kina lifti. Ukae Julai, Agosti, Septemba, upumzike. Hapa tuweke wageni. Baridi ikianza unarudi kwako."

"Na magoti yangu yanasema ndiyo," Perina akajibu. "Ila mimi bado."

"Ngazi zitakuua, shangazi."

"Ngazi hizi zilishindwa kuniua na mimba mbili."

Nikatoa kichwa. "Jerko! Mwambie pia habari ya ile karatasi uliyoikunja mfukoni!"

Nilibahatisha. Nimeishi na watu wa mji huu maisha yangu yote, mtu mwenye viatu vile lazima awe na karatasi mfukoni. Akashika koti lake kama aliyeumwa na nyigu.

"Barba Vicko, haya ni mambo ya familia." Barba ndivyo vijana wa hapa wanavyotuita wazee, hasa wakitaka tunyamaze.

"Kamba yangu imefungwa kwenye ukuta wa familia yenu, mwanangu. Mimi ni shemeji wa ukuta."

Perina akacheka, na Jerko akaitoa karatasi, maana imeshajulikana. Ni ya shangazi kumwachia nusu yake moja kwa moja, naye kupewa kile kijumba cha Solin akae mpaka afe. "Si lazima sasa," akasema Jerko, "tutatia saini vuli, ukishapazoea."

Ukishapazoea! Mtu unamng'oa kwenye jiwe alilozaliwa juu yake, unamwambia atapazoea. Nimekunywa dawa ya presha mara mbili leo, daktari asijue.

24 Juni

Nimegombana na Dunja, na sina hakika nimeshinda.

Alikuja peke yake, hana kundi, amekaa kwenye kizingiti changu anakula dagaa wa kukaanga kwenye karatasi. Nikamshukia.

"Binti, wewe husemi ukweli wa mji huu. Nitakwambia. Kaizari alikufa, kasri likabaki tupu. Jirani kule ulikuwepo mji mkubwa, Salona, ndiyo Solin ya leo. Wakaja Waturuki wakauchoma. Watu wa Salona wakakimbia na watoto na masufuria, wakaingia humu kwenye nyumba ya kaizari, wakagawana vyumba, wakaanika nguo. Ndiyo Split hiyo! Mji wa wavamizi waliokataa kutoka. Hilo mbona husemi?"

Akalamba vidole. "Ni kweli, barba. Ila hawakuwa Waturuki. Waturuki walikuja miaka mia nane, tisa baadaye. Walioichoma Salona ni Waavari na Waslavi."

"Waslavi gani?"

"Sisi."

"Sisi tuliwafukuza?"

"Halafu tukawafuata humu humu, tukaoana nao. Ndiyo maana una pua ya Kirumi na mdomo wa Kislavi."

Nikakaa. Kwa hiyo mimi ni mfukuzaji na mfukuzwa kwenye suruali moja. Sikulipenda jambo hilo hata kidogo. Nikamwuliza kama anayajua yote hayo kwa nini anawalisha watu kabichi na majoka.

"Kwa sababu wana dakika arobaini, barba, na wanataka choo."

1 Julai

Perina ameondoka. Jerko alibeba sanduku, yeye akabeba chungu cha mrihani. Alisimama chini ya dirisha langu na hakutazama juu.

"Usiikate kamba, Vicko," akasema, akiitazama barabara. "Ninarudi Oktoba."

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikasema, "Chungu kinamwaga maji kwenye kiatu chako."

5 Julai

Mlangoni kwa Perina kumewekwa kisanduku cha ufunguo chenye namba za kubonyeza. Kwenye kichochoro chetu sasa viko vingi kuliko watu. Nimevibonyeza vyote, ovyo ovyo, kimoja kimoja. Havifunguki.

8 Julai

Wageni wa kwanza. Vijana wanne na spika moja. Nadhani spika ndiyo iliyolipa.

19 Julai

Jerko amenigongea mlango, mpole kama mwuza bima.

"Barba, wageni wameandika kwenye mtandao kwamba kila picha wanayopiga dirishani inaingia chupi."

"Ya nani?"

"Yako, barba."

"Basi waambie waishukuru. Ile ya bluu imevuka bahari mpaka Ancona, Italia, na kurudi."

Hakucheka. Jioni nikavuta kamba, haisogei. Upande wa Perina kapi limefungwa kwa waya. Sasa nimeanika suruali kwenye kiti, na chumba kizima kinanuka mbwa aliyenyeshewa.

Nilishika kisu. Nikakumbuka alichosema Perina. Nikakatia mkate.

2 Agosti

Joto. Hata mawe yanalalamika.

6 Agosti

Dunja amekuja kuniuliza kama nina chumba. Nikacheka nikidhani ni mzaha. Si mzaha. Mwenye nyumba wake alimtoa mwezi wa tano, kama kila mwaka, ili kitanda chake kilaliwe na watalii, na tangu hapo anahama na begi lake, leo kwa rafiki huyu, kesho kwa yule. Kwa hiyo anawatembeza asubuhi watu waliolala kwenye kitanda chake. Na bado anainua mwavuli, anatabasamu!

"Na hukasiriki?"

"Nakasirika, barba. Ila nakasirika nje ya saa za kazi."

Nimempa chumba cha mjukuu. Mtaa utasema. Acha useme, nina hamu ya kusemwa.

14 Agosti

Sasa nimeona yote. Niandike polepole.

Wageni wapya wamelalamika. Safari hii si kwa sababu ya chupi, ni kwa sababu HAKUNA chupi! Wameandika kwamba walitarajia kichochoro cha Dalmatia chenye nguo za kuanikwa, kama walivyokiona kwenye picha, na hawakukipata. Basi leo Jerko kaja na mfuko wa dukani, kakata lebo kwa meno, akaanika kwenye kamba yetu mashati meupe mapya matano, gauni moja la maua na mashuka mawili ambayo hayajawahi kulaliwa. Makavu! Ameanika nguo kavu, kisha akalifunga kapi tena kwa waya!

Na ameanika vibaya. Shati kalishika vibanio kwa mabega, likatoka vinundu kama lina mtu aliyeinua mikono. Gauni kaliweka peke yake mwishoni, limeaibika.

"Jerko," nikamwita, "nguo za nani hizo?"

"Za mapambo, barba."

"Zitakauka lini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mzee wa akili pungufu. "Zinakaa tu, barba. Msimu mzima."

Naapa, Wavenisia walitutawala karne kadhaa wakatuchukulia mbao, divai na vijana wa kupiga makasia. Wafaransa wa Napoleoni wakaja, Waaustria wakaja, Waitalia wakaja na vitambulisho vyao. Wote walituchukulia kitu. Ila hakuna hata mmoja aliyemtoa mwanamke dirishani kwake, akatundika gauni la dukani badala yake, na kuwaita watu walitazame.

Dunja alilitazama kwa muda mrefu. Akasema kesho kundi lake atalipitisha kichochoro kingine.

15 Agosti

Sikukuu ya Bibi Maria. Kengele tangu alfajiri. Gauni limesimama dirishani kama bibi harusi aliyeachwa.

28 Agosti

Nimekwenda Solin kumwona Perina. Basi ni safari fupi tu, ila sikuwahi kuiona ndefu vile. Nje ya dirisha la basi nikaona magofu ya Salona, nguzo zimelala kwenye majani kama wagonjwa, na barabara kuu inapita juu yao. Nikafikiri: watu walikimbia huku kuja kwetu. Sasa tunawarudisha mmoja mmoja, kwa basi.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilitegemea kumkuta analia.

Anang'aa! Amenenepa. Ametengeneza mchicha na viazi, mafuta tele. Nyumba ina lifti inayotaja ghorofa kwa sauti ya kike. Kuanika kwenye roshani ni marufuku, kanuni ya jengo, lakini ana mashine ya kukaushia.

"Nguo zinatoka moto kama mkate," akasema. "Hazinuki chochote, ila zinatoka kavu."

"Perina, wamekuvua nyumba yako! Wamefunga kapi kwa waya! Wanaanika nguo za uongo!"

"Za uongo vipi?"

Nikamweleza. Nilipandisha sauti pale kwenye gauni. Akatikisa kichwa tu, akanijazia divai na maji.

"Vicko, nikuulize. Umekuja kuniangalia mimi au umekuja kuiombea kamba yako?"

Nikajaza mdomo viazi.

"Magoti yangu hujayauliza. Toka Julai silii usiku kwa maumivu. Pale kwetu nilikuwa nakaa siku tatu sishuki, naogopa kupanda. Wewe ulijua?"

Sikujua. Nilikuwa namwona dirishani, nikadhani mtu aliye dirishani ni mzima.

"Nafikiria kutia saini," akasema. "Sijasema nimeamua. Nafikiria."

Nimerudi nimekasirika. Mwanzo nilimkasirikia Jerko, kisha Perina, na basi lilipofika kituo cha kwetu nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika tiketi yangu.

3 Septemba

Hakuna la kuandika. Spika nyingine.

12 Septemba

Dunja ameanza kuwaambia watalii habari za Salona. Nilimsikia. Wengine walikuwa wanaulizia choo, lakini bibi mmoja wa Slovenia alisimama akauliza maswali. Nikatoa kichwa, nikainama kama kaizari.

20 Septemba

Jugo.

21 Septemba

Jugo. Jino linauma, lile nililokwisha kung'olewa.

22 Septemba

Jugo na mvua. Bahari imepanda mpaka kwenye mitende ya ufukweni. Nimemtukana Dunja kwa sababu ya kijiko. Yeye kanitukana kwa sababu ya kijiko hichohicho. Hakuna aliyekasirika, ni upepo.

Nguo za Jerko ziko nje. Toka juzi ziko nje. Mashati yamelowa yamerefuka mpaka magotini, shuka moja limeingia weusi kwenye pindo, gauni la maua linadondosha rangi ukutani.

24 Septemba

Jugo bado. Nimekwenda soko la samaki. Šjora Keka, bibi anayeuza dagaa pale tangu mimi nina nywele, aliniinamia juu ya mizani.

"Vicko, Perina anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Nimepita kichochoroni kwenu. Nguo zake ziko nje siku nne kwenye jugo. Mashuka yanaota ukungu. Sikutaka kuamini. Mwanamke msafi vile!"

Na bibi mwingine nyuma yangu, bila kuulizwa: "Akili imeondoka, maskini. Kwanza ni nguo, baadaye ni gesi."

Nilifungua mdomo kusema kwamba si zake. Nikaufunga. Mungu anajua kwa nini, na mimi pia najua.

Nikaenda nyumbani nikampigia simu Perina. Maisha yangu yote sijawahi kusimulia jambo bila kuliongezea chumvi. Leo nimelisimulia kavu. Nikamwambia Keka kasema hivi, na yule mwingine kasema hivi.

Nikasikia akiizima ile mashine ya kukaushia.

"Wanasema ni zangu?"

"Ziko kwenye kamba yako, Perina. Zitakuwa za nani?"

Akakata.

Alifika na basi la kwanza alilolipata. Nilimwona mwanzoni mwa kichochoro, hana mwavuli, ameshika ukuta wa kaizari kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine. Watalii walimpisha. Akasimama chini, akazitazama zile nguo, mvua inamtiririkia usoni.

"Gauni lile ningelivaa mimi?" akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima kusikia.

"Hata kaburini usingelivaa!"

"Na shati linashikwa kwa mabega?"

"Nilimwambia!"

Akapanda. Nilihesabu pumzi zake kwenye kila kona ya ngazi, zinasikika kote. Hakuhitaji namba ya kisanduku. Ana ufunguo wake wa zamani, wa chuma, na Jerko hakukumbuka kubadilisha kitasa. Ndani walikuwemo wageni, mume na mke vijana, watu wa kaskazini, weupe kama jibini. Nikawasikia wakipiga ukelele. Kisha dirisha likafunguka kwa kishindo, na huyo Perina wangu, kavua koti, kashika koleo, anaung'oa ule waya.

"Vicko! Vuta!"

Nikavuta. Kapi lilipiga kelele kama ng'ombe. Kamba ikatembea. Mashati yale maskini yakaanza kwenda kwake moja moja, naye anayachomoa vibanio na kuyatupa ndani. Mashuka yalikuwa mazito, hayaingii. Akageuka akamfokea yule kijana wa kaskazini kwa Kidalmatia safi: "Wewe mrefu! Shika ncha hiyo! Si hivyo! Kamua kwanza!" Na kijana akashika. Akakamua. Mke wake akashika ncha nyingine. Wakalikunja lile shuka pamoja na Perina, mara mbili, kisha mara mbili tena, wanatembea mmoja kumwelekea mwenzake kama wanacheza ngoma, na sijaona wageni waliofurahi vile msimu mzima.

Chini, watu walikuwa wamejaa. Dunja alikuwa amefika na kundi lake. Hakusema kitu cha kaizari. Aliinua mwavuli wake, akawaonyesha dirisha, akasema, "Huyu anaishi hapa."

Jerko alifika anahema, viatu vyeupe vimekuwa vya kijivu.

"Shangazi, wageni wamelipa!"

"Na wamefanya kazi vizuri. Chumba cha mbele kiko kwenye nusu yako, walale huko. Mimi naanza kulala kwenye changu."

"Sasa? Oktoba bado! Na karatasi yetu je? Wakili anatungoja Ijumaa!"

"Jerko," akasema, anajifuta nywele kwa shati jipya la mapambo, "toka lini mtu wa Split anatia saini kwenye jugo?"

Jerko alilitazama wingu juu ya kichochoro. Na yeye amezaliwa hapa. Akatoa simu, akampigia wakili.

25 Septemba

Jugo. Perina hajashuka. Magoti. Nimempelekea supu kwenye ndoo kwa kamba. Imemwagika nusu. Hakulalamika, akasema nusu iliyobaki ilikuwa na chumvi ya kutosha wawili.

26 Septemba

Dunja amempandishia mkate na dawa. Nimemwuliza Perina dirishani, kwa mara ya kwanza, magoti yanaumaje. Akanijibu kwa urefu mpaka nikajuta. Kesho nitauliza tena.

28 Septemba

Wageni wa kaskazini wameondoka. Walimkumbatia. Waliandika kwenye mtandao, Dunja kanisomea: nyumba nzuri, bibi mkali, tumejifunza kukunja mashuka.

29 Septemba

Mvua imekata. Kimya. Upepo unafikiri.

30 Septemba

Bura! Imeshuka Mosor asubuhi, mbingu imefagiliwa, kisiwa cha Brač kimesogea karibu mpaka unaona madirisha yake. Kichwa chepesi. Jino limepona, lile ambalo halipo.

Na Jerko kajua hesabu yake. Hakujamaliza kupambazuka, yuko kwa shangazi yake na karatasi na kalamu mbili, ya pili ya akiba. Madirisha yalikuwa wazi, maana bura hukaribishwa ndani, na mimi nilikuwa pale pale penye kusikika.

"Haya shangazi. Bura hiyo. Huna kisingizio."

"Sina," akasema Perina. "Akili imetulia kabisa. Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza. Magoti yangu yanataka Solin. Hilo ni kweli, Vicko asikudanganye." Hapo alinitazama mimi. "Baridi kali ikija nitakwenda kwenye lifti yako kama utanipa, na nitashukuru. Lakini nusu yangu ni yangu. Mtu akiitazama kamba ile akasema Perina, nataka awe ni mimi. Sitii saini."

Jerko akaifunika kalamu ya akiba. Nilimwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea mtu aliyekanyaga tope na viatu vile. Kisha uchungu ukampanda.

"Basi nitaigawa nyumba. Naweka ukuta katikati, nusu kwa nusu! Matofali mpaka darini! Nione kama utaanika."

Perina alikuwa ameshachukua beseni. Akatoa foronya ya kwanza, akaikung'uta mara moja, ikalia kama kofi.

"Jenga, mwanangu," akasema. "Kaizari alijenga kuta pana kuliko zako, na tukaingia."

Kisha akashika kamba, akavuta, na soksi zangu zikaenda.